Kipimo Kipya na Baba Mkwe

Kitu cha kwanza kilichomtia Tusekile kinyaa katika kile kipimo kipya kilikuwa pudini. Maziwa mazuri ya ng'ombe, ambayo nyumbani kwao Rungwe yangegandishwa kibuyuni mpaka yapate heshima yake, hapa shuleni Mbeya yalichemshwa na mayai na unga na sukari mpaka yakawa kitu cha rangi ya jicho linaloumwa, kitu kinachotetemeka ukikigusa kama kinachoogopa kuliwa. Kikipoa kilijivika ngozi juu. Na hiyo ngozi, alisema Misi Hobs, ndiyo tamu.

"Onja, Tusekile."

Tusekile akaonja. Akameza, maana alikuwa msichana wa watu, kisha akaomba ruhusa kwa adabu zote, akaenda nyuma ya jiko, akairudishia dunia pudini yake.

Huo ulikuwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Kabla ya hapo shule ile ya ufundi wa nyumbani ilikuwa na kipimo chake ambacho kila mtu alikielewa. Msichana akitaka kumaliza, anashona gauni likamkaa mtu mwilini, anasuka mkeka, anapika ndizi za kulisha watu wa msiba, anamwogesha mtoto mchanga bila kumtia maji masikioni, anakausha mboga za kiangazi. Akifanya hivyo, basi, anapigiwa makofi.

Lakini wakubwa wa elimu walikaa mahali fulani penye viti vya kubonyea, wakaona kipimo hicho kimezeeka. Ati hakimweki msichana tayari kwa chuo, wala hakimweki tayari kwa kazi. Wakatunga kingine. Misi Hobs, mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye shingo ya kuchungulia, aliwasomea wasichana darasani huku Mwalimu Yudith, Mbena wa kule Njombe, akifasiri. Kutandika meza ya watu wanne, uma kushoto, kisu kulia. Supu, nyama, pudini. Mtahiniwa awahudumie wageni kwa mkono wake mwenyewe. Kuosha vyombo kwa utaratibu wa kisasa. Na mwisho kabisa, tabia njema, itakayoshuhudiwa na wazee wa bodi ya shule watakaohudhuria.

"Na mkeka?" aliuliza Lusia, msichana wa Kisafwa aliyekaa na Tusekile dawati moja.

"Mkeka umeondolewa," alisema Mwalimu Yudith.

"Na mtoto mchanga?"

Mwalimu Yudith alimtazama Misi Hobs, Misi Hobs akatazama karatasi. Mtoto naye alikuwa ameondolewa.

Tusekile angeweza kucheka na wenzake kama si neno lililofuata. Kule Iringa kulikuwa kumefunguliwa chuo cha kufundisha walimu wa kushona, na shule hii ilipewa nafasi moja. Msichana mmoja tu. Atakayefaulu kipimo kipya kuliko wenzake ndiye atakayekwenda.

Moyo wa Tusekile ulikuwa kwenye cherehani. Ukimpa kitambaa alikigeuza mara mbili, akakinusa karibu, akakata. Mkono wa gauni lake haukuvuta kwapani hata siku moja. Kule Iringa, watu walisema, kuna chumba kizima cha cherehani za miguu, kila mwanafunzi na yake. Usiku alilala akikanyaga hewa.

Na asipokwenda? Asipokwenda, baada ya mavuno angepelekwa kwa mume. Si kwamba mume alikuwa mbaya. Saulo, kijana wa machimbo ya dhahabu kule Chunya, alikuwa mtu wa maneno machache na meno mazuri, na alikwisha kumtumia salamu: nenda Iringa usome, shamba la ndizi halina miguu. Tatizo halikuwa Saulo. Tatizo lilikuwa kwamba ng'ombe wa mahari walikwisha kupita, na ng'ombe wakishapita, kwa Wanyakyusa, msichana anakuwa na baba mkwe.

Baba mkwe ni kazi. Humwoni usoni. Hulitamki jina lake. Hukai naye chini ya paa moja hata mvua inyeshe mawe. Mkikutana njiani unajifunika nguo kichwani na kuingia majanini, na yeye naye anageuka anatazama mlimani kama aliyepoteza mbuzi. Asiyefuata hayo, wanasema, tumbo lake halitashika mtoto. Baba yake Saulo aliitwa Mzee Yotamu, mzee wa bodi ya shule, mtu wa kikohozi kikubwa. Tusekile, kwa kuwa hakuruhusiwa kutaja jina, alimwita yule mwenye kifua. Alikuwa akikisikia kile kikohozi kutoka mbali na kuingia migombani na umande wote, akatoka na viwavi kwenye nywele. Miaka miwili alikuwa ameifanya kazi hiyo bila kulalamika.

Basi wakaanza kujifunza kipimo kipya, na kinyaa kikaanza kurundikana.

Kuosha vyombo ndiko kulikowashinda wasichana wote. Misi Hobs alijaza karai maji ya moto na sabuni. Akatia glasi. Akatoa glasi, akatia vijiko. Akatoa vijiko, akatia sahani za mchuzi, kisha kikaango, katika maji yaleyale, mpaka karai likawa kama mahali ng'ombe wanapovukia mto. Halafu akavitoa vyombo na povu lake, akavifuta kwa kitambaa, akaviweka kabatini. Amemaliza.

"Na kusuuza je, Misi?" aliuliza Lusia.

"Kusuuza ni kupoteza maji."

Lusia akamwinamia Tusekile. "Kwa hiyo tunakula sabuni, dada."

"Kula tu. Itakufulia utumbo."

Juni ilikuwa imeingia na ukungu wake, na Misi Hobs alishikwa na mafua. Alikuwa na kitambaa cheupe, kizuri, chenye maua aliyoyatarizi kwa mkono. Katika maua hayo alipenga kamasi. Wasichana walingoja akitupe. Badala yake alikikunja vizuri, kona kwa kona, kama mtu anayehifadhi kitu cha kuwaachia watoto wake, akakitia mfukoni. Kisha kwa vidole vilevile akachukua kijiko akaonja supu ya Tusekile, akasema imepungua chumvi. Na kijiko akakirudisha sufuriani.

"Mwe!" alisema Tusekile, si kwa sauti kubwa.

Hata hivyo alijifunza. Alijifunza pudini mpaka ikasimama. Alitandika meza mpaka angeweza kuitandika gizani. Jioni alijipaka limau puani asisikie harufu ya maziwa yale, akarudia tena. Wenzake walishindwa mmoja baada ya mwingine. Huyu aliweka uma kwenye glasi, huyu alimwagia mtu supu shingoni wakati wa mazoezi. Lusia aliulizwa kisu cha siagi ni kipi, akasema ni kile kisichokata, akaambiwa hiyo si sababu. Ikabaki dhahiri kwamba nafasi ni ya Tusekile, kama hataanguka na sinia.

Siku ya mtihani alikuja Bwana Mkaguzi kutoka Iringa, Mwingereza mdogomdogo mwenye magoti mekundu, na karani wake Bushiri, kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Mlandege palepale Iringa, kanzu safi, koti juu, ulimi wa kuchekesha. Mbuzi alichinjwa na Muhidini wa buchani ili Bushiri naye ale bila wasiwasi. Wageni walikuwa wawe wanne: Misi Hobs, Bwana Mkaguzi, Bushiri na mchungaji. Asubuhi ile mchungaji akaleta habari kwamba homa imemlaza.

"Tutakuwa watatu," alisema Mwalimu Yudith.

"Kipimo kinasema wanne," alisema Bwana Mkaguzi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kwamba mvua ni maji.

Misi Hobs akanyoosha shingo dirishani. Na nani alikuwa amesimama barazani, koti limepigwa brashi, kofia mkononi, pua imeelekea jikoni? Mzee Yotamu alikuwa na desturi ya kupita karibu na shule siku za nyama.

"Mzee wa bodi!" alisema Misi Hobs kwa furaha. "Karibu uketi nasi."

Naye akaketi.

Tusekile alikuwa jikoni, supu iko kwenye sinia, aproni imenyooka, alipokisikia kile kikohozi. Miguu yake ilikuwa imekwisha kugeukia migombani kabla kichwa hakijajua kuna nini. Mwalimu Yudith aliingia mbio.

"Baba mkwe wako amekaa mezani."

"Nimemsikia. Mtoeni."

"Nani amtoe? Ameshika uma."

Mwalimu Yudith alirudi chumbani kueleza. Mlango ulikuwa wazi, na Tusekile, akiwa amejibanza nyuma yake, alisikia kila kitu. Alimsikia Mwalimu akieleza, na Bushiri akifasiri, na Misi Hobs akisema, "Lakini huyu ni baba yake, si vizuri zaidi?" Alimsikia Bwana Mkaguzi akiuliza kama msichana mwingine anaweza kupeleka sahani, kisha akajijibu mwenyewe kwamba haiwezekani, kipimo kinasema kwa mkono wake mwenyewe, asipohudumia ahesabiwe ameshindwa. Kisha viti vikalia, wote wakimgeukia mzee.

Mzee Yotamu alikuwa na njia rahisi. Angesimama tu. Angesema, samahani, nimekumbuka jambo nyumbani, akatoka, akatafutwa mwingine barabarani. Mtu mzima angefanya hivyo. Lakini mbuzi alikuwa amekaangwa na vitunguu.

"Hapa ni shule, si nyumbani," alisema Mzee Yotamu. "Mtoto alete chakula. Mimi nimeruhusu."

Nyuma ya mlango Tusekile alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni, na safari hii hakikuwa pudini. Miaka miwili ya umande! Viwavi kwenye nywele! Na kumbe jambo lenyewe lilikuwa linaweza kuruhusiwa, tena kwa paja la mbuzi.

"Utaingia?" alinong'ona Mwalimu Yudith.

"Iringa si iko upande huo?" alisema Tusekile, akainua sinia, akaingia.

Alichokiona hakukisahau. Mzee Yotamu, alipomsikia anaingia, alikuwa ameshtuka na ukubwa wa ruhusa yake mwenyewe. Akakichukua kile kitambaa cheupe cha kufutia mdomo, akakikunjua chote, akajifunika kichwa na uso mpaka kifuani, kama kuku wa kuatamishwa aliyefunikwa tenga. Akakaa hivyo, mikono miwili imetoka chini, kisu mkono huu, uma mkono huu, anangoja.

"Anaumwa?" aliuliza Misi Hobs.

"Anaomba dua, Misi," alisema Bushiri, akauma shavu kwa ndani asicheke.

Tusekile alitia supu kwa upande wa kushoto kama ilivyoagizwa. Mkono wa mzee ulipapasa, ukapata kijiko, ukaingia nacho chini ya kitambaa. Ikasikika sauti ya ndama anayenyonya. Kitambaa kilinyonywa ndani, kikatoka, kikanyonywa tena, na kila kilipotoka kilikuwa kimepata doa jipya. Ikaja nyama, mfupa ulipitishwa chini, ukatafunwa, ukarudishwa mezani kando ya chumvi. Ikaja pudini. Tusekile aliiweka mbele yake, nzima, inatetemeka. Ilikwenda yote chini ya kitambaa, ngozi na kila kitu, na baadaye kidogo ukatoka mkono ukiwa na sahani tupu, ukaiinua.

Anataka nyingine.

Akampa. Hakumwaga tone. Alimtazama moja kwa moja wakati wote, maana hakuna aliyemkataza kutazama kitambaa, na alijiuliza kwa uchungu: huyu ndiye niliyekuwa nikimpisha?

Bwana Mkaguzi akaandika, akasema kwa Kiswahili chake, "Nzuri sana." Nusura acheke.

Mambo yangeishia hapo kama mzee angekwenda nyumbani akalala na shibe yake. Lakini mtu akishafanya la aibu mbele ya watu hutafuta wa kumvika, na Mzee Yotamu alimwona Tusekile. Kabla ya jua kuzama kilabuni kote walikwisha kusikia: binti wa siku hizi hana haya, amemwingilia baba mkwe chumbani uso mkavu, amemsimamia begani. Ya kwamba aliruhusu, hakuitaja. Ya kwamba aliongeza pudini, ndiyo hakuigusa kabisa.

Mwalimu Yudith alileta habari mbaya zaidi. "Kesho bodi inakaa kushuhudia tabia. Mkaguzi anachukua majibu, halafu anapanda lori la Iringa. Mkwe wako anasema atakataa. Na mzee mmoja akikataa, imekwisha."

Tusekile alikuwa akisugua karai. Aliacha kusugua. "Nisingeingia, ningeanguka mtihani. Nimeingia, naanguka tabia. Kipimo gani hiki?"

"Nenda kamwombe radhi. Tafuta mshenga, mpelekee kuku."

"Kuku!" Tusekile alitema mate nje ya mlango wa jiko, mbali. "Ale na huyo? Kwa kosa gani, Mwalimu?"

"Kosa la kumwona."

"Mimi nimeona kitambaa. Kama kitambaa kimeudhika, nitakifua."

Mwalimu Yudith alicheka bila kupenda, akaondoka akitikisa kichwa. Tusekile akabaki na karai lake, na moyo umemchafuka kweli. Akamfikiria yule mwenye kifua, jinsi alivyoivua heshima alipoona nyama na kuivaa tena aliposhiba, kama koti. Haya, alijiambia. Kama ameivaa, na akae nayo.

Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu. Chumba cha bodi kilikuwa na mlango mmoja, na madirisha yenye wavu wa chuma. Kabla hajafika mtu, Tusekile alikuwa amekwisha kuketi kizingitini na pazia la chumba kile kile mapajani, anakunja upindo kwa sindano. Misi Hobs akamsifu kwa bidii, akamruka, akaingia. Bwana Mkaguzi akaingia. Bushiri akaingia. Mzee Eliezeri na wazee wengine wa bodi wakaingia, mmoja mmoja, wakimsalimu naye akiwaitikia kwa kuinama alipokaa, "Ndaga, tata," kama wanavyowasalimu baba kwao.

Kisha kikohozi kikapanda njia.

Tusekile hakuinuka. Akajifunika pazia kichwani vizuri sana, akainamisha uso mpaka magotini, mkwe mwema kuliko wote waliowahi kutokea, na akabaki palepale mlangoni.

Kikohozi kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasikika kinazunguka nyumba, kikakanyaga kabichi za Misi Hobs, kikatokea dirishani.

"Mwambieni huyo binti aondoke mlangoni!" ilisema sauti ya Mzee Yotamu. Alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo, anatazama mlima.

"Anashona pazia letu, mzee," alijibu Bushiri. "Wewe pita tu. Wenzako wamepita."

"Nitapitaje? Ni mkwe wangu!"

"Si ulisema hapa ni shule, si nyumbani?"

Mzee Eliezeri akakohoa naye, lakini kile kilikuwa kicheko.

Mzee Yotamu akakanyagakanyaga kabichi, na wote waliomo, hata Misi Hobs ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, walisikia jinsi alivyokuwa akihesabu njia zake kule nje. Akiingia, ameonyesha kwamba mwiko haumfungi, na kama haumfungi yeye, binti kakosa nini? Asipoingia, hayumo.

"Mimi nakataa kutokea hapa!" alipaza sauti. "Andikeni! Hana adabu!"

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Mkaguzi.

"Anasema msichana hana adabu, Bwana."

"Basi aingie aseme mezani. Kipimo kinasema wazee waliohudhuria."

"Hawezi kuingia, Bwana. Adabu ya msichana imemzuia."

Bwana Mkaguzi aliitafakari hiyo kwa muda. Akamtazama Tusekile, furushi la pazia lililokunjamana kizingitini, sindano bado inakwenda. Akatazama dirishani, mgongo wa koti unaolowa. Akaangalia saa, maana lori la Iringa halikuwa likingoja mtu.

"Waliohudhuria," akasema.

Wakashuhudia. Mzee Eliezeri wa kwanza, akisema hajapata kuona mkwe anayejua kujistiri namna hii, na wengine wakafuata. Misi Hobs alipenga kamasi kwa furaha. Kule nje sauti iliendelea kukataa, ikikatizwa na chafya.

Tusekile hakuinua kichwa mpaka aliposikia kalamu ya Bwana Mkaguzi inafungwa. Iringa ilikuwa yake. Alingoja furaha ije, na ilikuja, lakini ilikuja imechanganyika na kichefuchefu, kama mtu aliyepewa asali kwenye kijiko kisichosuuzwa. Ameipata kwa kujifunika mbele ya mtu asiyestahili hata kufunikiwa chungu.

Akaukata uzi kwa meno, akainuka, akalikunja pazia. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi.

"Sasa ukitoka utakutana naye," alisema Mwalimu Yudith kwa sauti ya chini. "Yuko njiani. Ngoja kwanza."

"Sasa hivi sina muda wa kungoja, Mwalimu. Nina sanduku la kufunga."

Akatoka kichwa wazi, akashika njia ya katikati, akichechemea kidogo kwa ganzi, asiangalie kulia wala kushoto. Mzee Yotamu alikuwa amesimama hapo hapo kwenye njia, amelowa. Alimwona anakuja. Alitazama mlimani, na mlima ulikuwa umefunikwa na ukungu wote. Hapakuwa na cha kutazama. Tusekile hakupunguza mwendo.

Mzee ndiye aliyeingia majanini.